Vyombo, mahindi na uzi: msaada wa nyumbani kwa mafundi wa Kimaya wa Panabaj, Guatemala, 2005

Alfajiri ya Jumatano, tarehe 5 Oktoba 2005, ubavu wa volkano ya Tolimán uliokuwa umelowa maji kwa siku kadhaa ulimeguka, na tope likaporomokea Panabaj, kitongoji cha mji wa Santiago Atitlán, kando ya ziwa Atitlán nchini Guatemala. Mvua hiyo ililetwa na kimbunga Stan. Kwa vipimo vya upepo hakikuwa kimbunga cha kutisha: kilitua Veracruz, Mexico, siku moja kabla, kikiwa daraja la kwanza, yaani la chini kabisa. Kilichoua ni maji juu ya milima ya majivu. Watu walikuwa wamelala. Idadi ya waliokufa Panabaj na kitongoji jirani cha Tzanchaj haijawahi kukubaliwa na wote. Makadirio huanzia mia kadhaa na kufika 1,400 hivi, kwa sababu wengi hawakufukuliwa. Baada ya siku chache za kuchimba, wakuu wa mji waliamua mahali pale pawe kaburi la pamoja.

Waliokumbwa ni Watz'utujil, mojawapo ya jamii za Wamaya wa nyanda za juu. Wanaume wengi hulima mahindi au hufanya kibarua kwenye kahawa, wengine huvua. Wanawake hufuma, hudarizi na hushona shanga, na wapo wachoraji na wachongaji wenye jina. Nataka kukichambua kisa hiki kwa upande mmoja tu, ule ambao ripoti nyingi huupitia juu juu: vitu vya nyumbani. Sufuria, blanketi, mkeka, mahindi, nguo. Dai langu ni kwamba shehena za aina hii hupangwa kana kwamba nyumba ni mahali pa kula na kulala basi, ilhali nyumba ya fundi wa Kimaya ndiyo karakana yake, ghala lake na akiba yake. Anayemletea sufuria na blanketi peke yake amemrudishia nusu ya nyumba.

Kabla ya kufika huko, kuna swali linalotangulia.

Nani ashushe mzigo

Katika nchi nyingi swali hili halina mjadala. Jeshi ndilo lenye malori, helikopta na vijana wenye nguvu, basi jeshi hubeba. Santiago Atitlán jibu hilo lilikataliwa mlangoni: askari waliofika kusaidia kuchimba waliambiwa na wakazi warudi walikotoka. Wageni walishangaa. Watu wamefukiwa, na nyinyi mnafukuza nguvukazi?

Mshangao huo uliwatoka watu ambao hawakusoma chochote kabla ya kupanda ndege. Vita vya ndani vya Guatemala vilianza mwaka 1960 na kumalizika kwa mkataba wa Desemba 1996. Tume ya ukweli iliyotoa ripoti yake mwaka 1999 ilikadiria waliouawa na waliopotezwa kuwa zaidi ya 200,000, na kati ya wahanga iliofanikiwa kuwatambua kikamilifu, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Santiago Atitlán ililipa sehemu kubwa ya deni hilo. Padre wa parokia, Stanley Rother, Mmarekani kutoka Oklahoma, aliuawa ndani ya nyumba ya mapadre tarehe 28 Julai 1981. Kambi ya jeshi ilikuwa Panabaj, hapo hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba 1990 wakazi kwa maelfu waliandamana mikono mitupu hadi langoni mwa kambi kulalamikia ukatili wa askari. Askari wakafyatua risasi, watu 13 wakafa, watoto wakiwemo. Mji ukasimama kidete, na serikali ikalazimika kuiondoa kambi.

Sasa, miaka 15 baadaye, tope linashuka Panabaj, na kundi la kwanza kujitokeza na majembe limevaa sare zile zile. Kwa mpangaji wa shehena, somo hapa ni la kazi, halina uhusiano na hisia. Mzigo unaoshushwa na mtu asiyeaminika haufiki hata ukifika. Mama hatapanga foleni mbele ya askari kuandikisha jina lake, umri wa wanawe na idadi ya wanaume waliobaki nyumbani. Orodha za namna hiyo zilishawahi kumfuata mtu usiku. Anayeandaa ugawaji kwa jamii iliyopitia vita aanze kwa kuuliza ni nani hapa aliwahi kuandika majina, na kwa ajili gani.

Njia mbadala zilikuwepo. Ukitoka mji mkuu, barabara za milimani zilikatwa na maporomoko sehemu nyingi, lakini ziwa halikatiki. Santiago iko ng'ambo ya mji wa Panajachel, na kati yao boti za abiria hufanya safari kila siku. Panajachel yenyewe ilijeruhiwa, mto wake ulifurika na kubomoa nyumba, ila bado ilikuwa na gati, maduka na watu wanaojuana na mafundi wa ng'ambo kwa sababu ndiko kazi zao zinakouzwa. Boti inabadilisha namna ya kufunga mzigo. Gunia la kilo 50 linaloshushwa na kreni bandarini si tatizo. Gunia hilo hilo likipitishwa mkononi kutoka botini hadi gati la mbao linaumiza migongo, na mgawaji huishia kulifungua na kulipima kwa kopo mbele ya umati. Kifurushi cha familia kinafungwa ng'ambo, kikiwa na uzito ambao mtu mmoja anaweza kuondoka nao bila kutafuta wa kumsaidia. Vinginevyo wajane na vikongwe humlipa mbebaji kwa sehemu ya msaada wenyewe.

Jambo jingine la muda. Tarehe 8 Oktoba, siku tatu tu baada ya Panabaj, tetemeko la Kashmir liliua makumi ya maelfu ya watu, na macho ya dunia yakahamia Pakistani. Kimbunga Katrina kilikuwa kimepiga Marekani mwishoni mwa Agosti, na fedha za tsunami ya Desemba 2004 zilikuwa bado zinahesabiwa. Kijiji cha Guatemala hakikuwa na nafasi kubwa katika mwaka kama huo. Maana yake, kilichopatikana kilipatikana mapema na hakikutarajiwa kurudiwa, kwa hiyo yaliyomo ndani ya kifurushi cha kwanza yalikuwa na uzito kuliko kawaida.

Mahindi bila chokaa

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona mahindi kwenye orodha ya msaada na kuridhika. Mahindi ni mahindi. Lakini Mmaya hali ugali, anakula tortila, na safari ya punje mpaka iwe tortila ni nyingine kabisa. Punje kavu huchemshwa na chokaa, zikalazwa ndani ya maji hayo usiku mzima, asubuhi zikaoshwa mpaka ganda litoke, kisha zikasagwa zikiwa bado zimelowa. Unga mkavu wa mahindi yasiyopitia chokaa haushikani ukiukanda kuwa tortila. Unapasuka kwenye vidole. Donge la punje zilizopitia chokaa hugongwagongwa kwa viganja likawa bapa, likachomwa juu ya comal, kigae cha duara ambacho kazi yake ni ile ile ya chuma cha chapati.

Hesabu basi. Familia iliyopewa gunia la mahindi inahitaji chokaa, chungu kikubwa cha kutosha, kuni za kuchemsha kwa muda mrefu, maji ya kuoshea, comal, na jiwe la kusagia au mashine ya jirani. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, gunia ni kiti. Na jiwe la kusagia si kitu cha kukimbia nacho usiku tope likishuka: ni zito, linarithiwa, na lililozikwa limezikwa.

Kitabu cha viwango vya kibinadamu cha Sphere, toleo la mwaka 2004 lililokuwa mezani kwa kila shirika wakati huo, kinataja vyombo vya familia: sufuria kubwa moja na ya kati moja, beseni, kisu, miiko miwili, kila mtu sahani, kijiko na kikombe, na madumu mawili ya lita 10 hadi 20 kwa nyumba. Sina ugomvi na orodha hiyo. Kitabu chenyewe kinasema mila za upishi za mahali zizingatiwe. Tatizo ni haraka. Kiwango cha chini kikiingia kwenye fomu ya manunuzi hugeuka kiwango chenyewe, na hakuna ofisa wa manunuzi katika mji mkuu atakayeongeza chokaa na vigae vya udongo asipoambiwa na mwanamke anayepika.

Kwa upande wa mashine kuna suluhisho la bei nafuu ambalo wafadhili hulikwepa kwa sababu halipendezi kwenye picha: lipia mashine ya kusaga. Mwenye mashine aliyesalimika apewe dizeli au alipiwe umeme, akina mama wasage bure kwa wiki kadhaa. Familia nyingi zinafaidika kwa malipo ya mtu mmoja, na mashine ya mtaa haifi kwa kushindana na unga wa bure. Kwa watoto, Guatemala ina Incaparina, unga wa lishe uliobuniwa na taasisi ya lishe ya Amerika ya Kati, INCAP, na ambao mama yeyote wa huko anajua kuukoroga. Hakuna haja ya kumfundisha mtu mwenye msiba uji mpya.

Nchi hiyo ilikuwa imeshaonywa. Tetemeko la tarehe 4 Februari 1976, lenye ukubwa wa 7.5, liliua watu wapatao 23,000 na kuacha zaidi ya milioni moja bila nyumba, wengi wao Wamaya wa nyanda za juu. Mavuno ya msimu ule yalikuwa mazuri, chakula kilikuwepo chini ya vifusi, lakini chakula cha bure kutoka nje kiliendelea kumiminwa. Lawama zilizofuata zilikuwa kali: mkulima aliyetaka kuuza mahindi yake ili anunue mabati alikuta bei imeshuka. Wakati huo huo, katika mkoa wa Chimaltenango, mashirika ya misaada ya Oxfam na World Neighbors yaliuza mabati kwa bei iliyopunguzwa kupitia ushirika wa wenyeji badala ya kuyagawa bure. Watu walichagua wanachohitaji, na fedha zilizokusanywa zikarudi kwenye kazi za kijiji. Sisemi kila kitu kiuzwe, na kwa Panabaj, ambako wengi walipoteza kila kitu pamoja na mlezi wa nyumba, kuuza kungekuwa dhihaka. Ninachochukua kutoka 1976 ni kwamba mtu akiulizwa anataja kitu ambacho ghala halina.

Kilichozikwa pamoja na nyumba

Mtambo wa kufumia wa mwanamke wa Kimaya ukiwa haufanyi kazi ni furushi la vijiti. Mtu asiyejua angeuwashia moto. Mwisho mmoja wa mtande, yaani nyuzi za urefu, hufungwa kwa kamba kwenye nguzo ya baraza au mti wa uani. Mwisho mwingine hushikwa na ukanda unaozunguka kiuno cha mfumaji aliyepiga magoti kwenye mkeka. Akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akisogea mbele zinalegea, anapitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, anaugonga kwa upanga laini wa mbao ngumu. Mwili wake ni nusu ya mtambo. Upanga huo hulainika kwa miaka ya kutumika, na mpya hukwaruza nyuzi mpaka uzoeleke.

Kwa njia hiyo hutoka huipili, blauzi ya kufumwa, ambayo Santiago Atitlán hudariziwa ndege shingoni na kifuani. Kipande kizuri huchukua miezi, kwa sababu hufumwa katikati ya kupika, kufua na kunyonyesha. Kichwani wanawake wa mji huu huzungusha utepe mrefu wa kufumwa mpaka unakuwa kama sahani nyekundu kuzunguka uso. Mwenye sarafu ya senti 25 ya Guatemala ameuona, maana aliyechorwa pale ni mwanamke wa Santiago, Concepción Ramírez. Huipili ni vazi, na pia ni benki. Mwezi wa shida huuzwa kwa mtalii au kwa mchuuzi wa Panajachel. Nyumba iliyofukiwa na huipili nne imefukiwa na akiba yake.

Halafu ziko shanga, kazi inayolisha nyumba nyingi za Santiago. Shanga hizo ndogo za kioo kwa sehemu kubwa hutoka Ucheki, huko huko zinakotoka nyingi ya zile wanazotungia mama wa Kimaasai wa Narok na Monduli. Kazi hufanywa kwa oda: mwenye oda huleta shanga na uzi, mama hushona nyumbani, hulipwa kwa kipande. Tope linapochukua nyumba linachukua mali ya mtu mwingine pia. Nani anabeba hasara ya shanga ambazo hazijashonwa? Hakuna fomu ya tathmini ya maafa niliyowahi kuiona inayouliza swali hilo, na jibu lake ndilo linaloamua kama mama ataanza upya akiwa sifuri au chini ya sifuri. Mfadhili mwenye akili angewatafuta wenye oda kwanza, akamalizana nao deni la shanga, kisha ndipo agawe mpya.

Uzi haukuhitaji kusafirishwa kutoka nje. Salcajá, karibu na Quetzaltenango, ni mji ambao kazi yake ni uzi, na vitambaa vya nyuzi zilizotiwa rangi kwa kufungwa mafundo kabla ya kufumwa. Kununua huko kungewasaidia mafundi wa mji mwingine uliolowa na mvua ile ile.

Pingamizi lipo, na ni la haki: kuleta uzi watu wakiwa bado wanachimba maiti ni utovu wa adabu. Kweli. Wiki ya kwanza ni ya maji, blanketi na jeneza. Santiago iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari na usiku wake ni baridi. Lakini wiki ya tatu si ya kwanza. Watalii wa Atitlán huanza kuongezeka Novemba, na mfumaji anayekaa kwenye makazi ya muda bila vijiti vyake anaukosa msimu mzima. Pingamizi la pili nalipa uzito zaidi: mfadhili akitoa uzi huku akiahidi kununua kila kitakachofumwa, anazalisha mikoba ya huruma ambayo mwaka unaofuata haina mnunuzi. Atoe uzi na anyamaze. Mama anajua soko lake.

Mitumba nitaitaja kwa ufupi. Marobota ya nguo kuukuu hufika baada ya kila maafa, na kila mara anayeyatuma hudhani anafanya wema. Mwanamke wa Santiago huvaa huipili na korte, kitambaa kirefu kinachozungushwa kiunoni. Kumpa suruali ya jinzi kutoka Texas siku anapozika wanawe ni kumvua. Sweta za watoto, sawa. Shuka na mbeleko, sawa kabisa.

Jina kwenye orodha

Mgawaji huhesabu nyumba. Lakini familia za Kitz'utujil mara nyingi hukaa uwanja mmoja: wazazi, mwana aliyeoa, binti aliyerudi na watoto, kila mmoja na jiko lake. Nyumba moja kwenye ramani, masufuria matatu. Ukitoa kifurushi kimoja kwa uwanja umewagombanisha ndugu. Ukitoa kwa kila mtu mzima umewavunjia hesabu majirani. Kipimo kinachofanya kazi ni meko. Ni meko mangapi yaliwashwa hapa juzi? Swali hilo hujibiwa bila kusitasita, na jirani yeyote anaweza kulithibitisha.

Orodha iliyoandikwa kwa jina la mume ni mtego wa pili. Panabaj wanaume wengi hawakuwa na miili ya kuzikwa wala hati ya kifo, hivyo mke alikuwa si mjane rasmi na si mke mwenye mume wa kupokea. Vifaa vya ufundi viandikwe moja kwa moja kwa jina la fundi, ambaye mara nyingi ni mwanamke. Na maelezo yatolewe kwa Kitz'utujil. Wanawake wengi watu wazima hawakijui Kihispania vizuri, na mji una redio yake, La Voz de Atitlán, iliyojengwa juu ya lugha hiyo. Tangazo la saa moja jioni kwenye redio hufanya kazi kuliko mabango mia, na huwafikia waliokimbilia kwa ndugu zao, ambao kila mgawaji huwasahau kwa sababu hawako kambini.

Nyumba mpya, mahali pale pale

Kilichofuata upande wa makazi kinasikitisha kwa namna nyingine. Nyumba za kudumu zilianza kujengwa tena katika eneo la Panabaj, kisha wataalamu wa majanga wakasema ardhi ile bado ni hatari na ujenzi ukasimamishwa. Mji mpya ulikuja kujengwa Chuk Muk, ambako kuchimba misingi kulifumua mabaki ya kale ya Watz'utujil na kazi ikabidi iende sambamba na akiolojia. Wakati wote huo familia zilikaa kwenye makazi ya muda kwa miaka, wala si miezi. Hospitali ndogo ya mji, Hospitalito, iliyokuwa imefunguliwa upya Aprili 2005 na kuharibiwa na tope lile lile, ilirudi kazini ndani ya jengo la kuazima wiki chache tu baada ya maafa, na jengo lake jipya likafunguliwa 2010. Tofauti ya kasi inaeleza mengi: hospitali ilikuwa na wafanyakazi wanaojua hasa zana gani zinahitajika kesho asubuhi, na hawakungoja mtu awakadirie.

Kama ningepewa boti moja kutoka Panajachel wiki ya tatu, ningepakia kwa kila meko: chungu kikubwa, comal mbili kwa sababu moja itapasuka, chokaa, mahindi meupe, maharage, chumvi, sukari, mishumaa, mkeka na blanketi kwa kila kichwa, ndoo zenye mfuniko. Kwa kila mfumaji, uzi wa huipili moja na korte kamili ya kuvaa sasa. Kwa kila mshonaji, sindano, uzi wa nailoni na shanga za rangi alizozitaja mwenyewe. Vijiti vya mtambo nisingevipakia. Ningemlipa seremala wa Santiago aliyepoteza karakana yake avichonge, na ningempelekea patasi.